Paa Kabla Juni Haijaisha

Jumatatu, 3 Aprili

Leo tumerudi uwanjani. Majani yamefika kiunoni, na juu ya zege la chini, lile tulilomwaga kabla hela hazijakauka, mbuzi wa mtu walikuwa wamejilaza wakicheua kana kwamba wao ndio waliogawiwa nyumba. Nimewafukuza mwenyewe kwa koleo.

Serikali imefungua mfuko wa kuharakisha nyumba za bei nafuu, na uwanja wetu umeingizwa. Msimamizi alitueleza masharti akiwa amesimama juu ya tofali. Hela inatoka kwa hatua: kuta kwanza, halafu zege la juu, halafu paa, na kila hatua Mkaguzi wa serikali aje aone kwa macho yake. Mwaka wa fedha unafungwa mwisho wa Juni. Jengo lisilo na paa siku hiyo linahesabiwa halijajengwa, na hela yake inapelekwa uwanja mwingine. "Na mvua ndiyo hiyo inaanza," akamalizia, kama vile sisi hatukuwa tunalowa.

Ni nyumba ishirini, chini na ghorofa moja, mabawa mawili na ngazi katikati. Bawa la kushoto nimepewa mimi na kikosi changu cha waashi. La kulia amepewa shemeji, mume wa mdogo wangu. Huyu bwana nilimfundisha mimi kushika mwiko. Akamwoa mdogo wangu, tukafurahi. Kisha akaondoka na nusu ya mafundi wangu akaanzisha kikosi chake, nikanuna, na bado nimenuna. Watu wanamwita Kasi. Mimi wananiita Timazi, kwa sababu siwezi kupita karibu na ukuta bila kuangalia kama umesimama wima, hata nikienda msibani.

Nyumba ya chini, ya mwisho kabisa upande wa kushoto, ni ya Mama. Jina lake lilitoka kwenye bahati nasibu ya mgao zamani, akasubiri. Kwa hiyo ninamjengea mama yangu, na atakayenichelewesha tutaonana.

Jumanne, 4 Aprili

Jioni nilipita kwa Mama kumpa habari. Anakaa chumba cha kupanga nyuma ya maduka, na mvua ikinyesha anahamisha godoro kutoka kona hadi kona. Mwenye nyumba ameshamwambia mwisho wa Julai anabomoa aongeze maduka.

"Mama, hela ya serikali imetoka. Safari hii nyumba inasimama."

"Haya, mwanangu."

"Huniamini."

"Wewe nakuamini. Uwanja ule ndio siuamini. Wakubwa wamekata utepe pale mara mbili, na mimi nilikuwepo, na makofi nilipiga. Utepe nimekatiwa. Ufunguo sijapewa."

Nikamwapia. Akaniambia ninywe chai, inapoa.

Jumamosi, 8 Aprili

Mvua kutwa. Hakuna kazi. Nimesugua mwiko ambao tayari unang'aa.

Jumatano, 12 Aprili

Maji yanaingia kwa pale katikati patakapokaa ngazi na kuharibu udongo wa saruji pande zote mbili, kwa hiyo tumetundika turubai kubwa la buluu kutoka juu hadi chini. Wazo lilikuwa la Kasi. Ni wazo zuri, nalikubali humu ndani tu.

Kabla ya chakula cha mchana, turubai lilikuwa limeshageuka mpaka. Vijana wake walianza kupiga kelele kule nyuma: "Huko kushoto mmelala?" Wangu wakajibu ambayo siandiki. Kasi akatoa kichwa pembeni ya turubai.

"Shemeji, tufanye hivi. Kuanzia leo hakuna kuchungulia. Atakayekamatwa anachungulia upande wa mwenzie, awabebee wenzake maji siku nzima."

"Unaficha nini wewe?"

"Kasi yangu. Usije ukafa moyo mapema."

Nikamwambia hiyo kasi yake nilimpa mimi, na akitaka aje achukue nyingine. Mafundi wakacheka hadi mwiko wa mmoja ukaanguka. Tumekubaliana: hakuna kuchungulia.

Jumatano, 19 Aprili

Nimekula kwa mdogo wangu. Kasi alikaa upande ule wa meza, mimi upande huu. Yeye alimwambia mkewe: "Mwambie dada yako chumvi iko mbele yake." Mimi nikamwambia: "Mwambie mumeo nimeiona."

Mdogo wangu aliweka kijiko chini. "Nyinyi wawili mnafanana hadi mnavyonuna. Nitawafungia nje wote."

Nimeumia kidogo kufananishwa. Lakini upande wangu kuta zimeshapita madirisha.

Ijumaa, 28 Aprili

Mkaguzi amekuja. Nilitarajia mzee mwenye tumbo. Ameshuka msichana mwembamba mwenye mabuti ya mpira, na mfukoni ana bisibisi. Bisibisi! Akawa anachokonoa viungo vya ukuta wangu. Penye saruji nzuri bisibisi iligoma. Penye ukuta tuliojenga ile siku ya manyunyu, iliingia, na mchanga ukamwagika chini mbele ya kikosi changu chote.

"Hapa mlijenga kunanyesha," alisema.

"Kidogo."

"Hapa pavunjwe, dada. Kuanzia dirisha hili hadi lile."

"Mwaka wa fedha hausubiri, wewe si ndiye mwenye haraka?"

"Haraka ni ya mfuko. Ukuta atalala nao mtu."

Nilimchukia palepale. Nimejenga tangu huyu hajaota meno. Tumevunja, tumejenga upya akitusimamia hadi jioni, na hatua ya kuta, inayoishia juu ya madirisha, imepitishwa kwa mabawa yote mawili. Hela ya zege imetoka. Bado ninamchukia, ila kwa uvivu.

Jumanne, 9 Mei

Mvua. Zamu ya kupandisha kuta hadi kimo cha zege la juu. Kasi sijui amefika wapi na sitauliza.

Alhamisi, 18 Mei

Tumemwaga zege la juu! Wao walimwaga jana, nimesikia makelele na nimejifanya sisikii. Leo mvua ilitupa nafasi tangu alfajiri hadi alasiri kana kwamba tumeihonga. Watu walipanga mstari, ndoo zikapita mkono kwa mkono, na mimi juu nikisawazisha kwa ubao, nyuma yangu nikiacha uso laini wa kijivu. Nilipomaliza niliketi pembeni miguu ikining'inia, chini yangu nyumba ya Mama imeshafunikwa. Nimeishiwa nguvu na nimefurahi mno.

Jumatatu, 22 Mei

Leo tumeshusha turubai ili tuunganishe mabawa kwa ukumbi wa ngazi. Kila mtu alipanda juu. Kasi alikata kamba kwa mbwembwe, turubai likaporomoka, na sote tukapiga shangwe. Shangwe ikafia njiani.

Zege langu na zege lake hayakutani. La kwangu liko juu kwa vidole vinne.

Fundi mmoja aliinama akaweka kiganja pale penye tofauti, kikaenea sawasawa, akakitoa haraka. Mimi nilikuwa wa kwanza kufungua mdomo, na nilichosema nakiandika kwa aibu: "Shemeji, umeniharibia jengo."

Jumanne, 23 Mei

Msimamizi alileta ramani, akaikunjua juu ya mfuko wa saruji. Nilikuwa nimesimama mikono kiunoni, nimeshaandaa maneno ya kumpa Kasi vidonge vyake. Kidole cha Msimamizi kikateremka taratibu kwenye mchoro. Kimo cha ukuta kinapimwa kutoka zege tupu.

Kasi alipima kutoka zege tupu. Mimi nilipima kutoka pale sakafu ya saruji itakapofika ikishasilibwa juu ya zege, kwa sababu nyumba zote za watu binafsi nilizojenga ndivyo tulivyopima, na mkono wangu umezoea. Ramani nilikuwa nayo. Niliitazama kwa vyumba na milango, kimo nikakijazia mwenyewe.

Na hata hivyo ingeonekana siku ya kwanza. Hakuna jengo ambalo waashi hawapitishi mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mmoja anaushika huku na mwingine kule, maji yanakaa kimo kimoja kote na kila mtu anaweka alama yake. Ni kazi ya dakika chache. Safari hii mpira haukuvuka katikati kwa sababu ya turubai, na turubai hatukulisogeza kwa sababu ya kiburi. Waashi wawili wazima, mtu na shemejiye, tumejenga jengo moja kama nyumba mbili za majirani wasiosalimiana.

Msimamizi alinitazama. "Bawa la kushoto livunjwe juu."

Kuvunja zege, kutoa nondo, kusuka upya, kumwaga upya, na mvua hii. Sikuhitaji kuhesabu. Juni ingetufunga bila paa, hela ingehamia kwingine, na Julai Mama angetoka na godoro lake barabarani. Na huu ndio mkono uliomwapia. Nikakaa palepale kwenye matope.

"Kosa ni langu," nilisema. "Nivunje mwenyewe."

Kasi alinyanyua mkono. Nilidhani sasa ndiyo zamu yake ya kucheka, na ningestahili.

"Kosa ni letu sote, Msimamizi. Mpira hatukupitisha, na turubai nililitaka mimi. Ukitaka kumfukuza fundi, utatufukuza wawili." Kisha akanigeukia, tangu Aprili mara ya kwanza ananiangalia usoni bila utani. "Inuka, shemeji. Ukumbi wa ngazi bado haujamwagwa. Tukiumwaga kwa mteremko, kutoka kwako kuja kwangu, vidole vinne vinayeyuka humo humo kabla mtu hajafika mlango wa kwanza."

Nikalia. Mbele ya kikosi changu chote, fundi mwenye jina lake, nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Hakuna aliyenicheka, na wengine walijitia wanatafuta vitu chini.

Jumatano, 24 Mei

Msimamizi alitaka tufiche: tuumwage mteremko kimyakimya, Mkaguzi akija akute vigae juu. Kasi na mimi tukakataa kwa sauti moja, tukatazamana kwa mshangao. Tumemwita Mkaguzi tukamwonyesha.

Alichutama pale kwa muda mrefu. Mvua ilikuwa inamchuruzikia mgongoni na hakujali.

"Mngeweka ngazi ndogo hapa bila kuniambia," alisema, "mtu mmoja mwenye mtoto mgongoni angevunjika mguu mwaka wa kwanza." Akasimama. "Nyumba zenyewe ziko imara, nitalipima zege la pande zote kesho. Mteremko naukubali, ila uwe mteremko ambao mtu hausikii. Na kuta zako za juu, dada, zipunguze vidole vinne, ili paa lilale sawa. Kwenye hatua ya paa nitaupima mteremko kwa namna yangu mwenyewe."

"Namna gani?"

"Utaona."

Bisibisi ilikuwa mfukoni mwake. Nimeanza kuipenda ile bisibisi.

Jumatatu, 29 Mei

Hatuna tena vikosi viwili. Kila asubuhi, kabla ya salamu, mpira wa maji unavuka kutoka kushoto hadi kulia, mimi mwisho mmoja na Kasi mwisho mwingine. "Umelala?" anauliza. "Umelala," namjibu, nikimaanisha mpira. Turubai tumelihamishia juu ya ukumbi wa ngazi ili zege bichi lisipigwe na mvua.

Jumapili, 4 Juni

Nimekula kwa mdogo wangu. Kasi amenipitishia chumvi kwa mkono wake. Mdogo wangu amemtazama, amenitazama, akainuka akaenda jikoni kucheka.

Ijumaa, 9 Juni

Mvua. Mvua. Kuta za juu zimefika madirishani.

Alhamisi, 15 Juni

Lori la mbao za kenchi, zile za kubebea mabati, limezama matope hadi ekseli mbali kabisa na uwanja, na dereva ameapa hasogei hadi ardhi ikauke. Ardhi ikauke! Juni imebaki kiduchu. Kasi alivua shati, akaweka mbao begani, akaanza kutembea. Tukamfuata. Mbao mbichi ni nzito na njia inateleza. Safari ya kwanza tu mafundi wawili walikalishwa chini.

Nilipogeuka kwa safari ya pili nilimwona Mama. Amejifunga kibwebwe, mwavuli mkononi, na nyuma yake wamejipanga watu waliogawiwa nyumba: kinyozi, mwalimu wa chekechea na mumewe, fundi viatu, dereva wa teksi, wake kwa waume, wengine siwajui. Kumbe mdogo wangu alimpigia simu, naye akawapigia wote.

"Mama, unafanya nini kwenye matope haya?"

"Nimekuja kuona uwanja nisiouamini," alisema. "Ile mbao fupi nani anaibeba?"

Nikamkataza. Basi alisimama katikati ya njia na mwavuli wake akiwaongoza watu wazima kama askari wa barabarani: wewe pita kushoto, wewe subiri, kinyozi usijifanye unafunga kiatu, nimekuona. Mwalimu alianzisha wimbo wa watoto wa kuhesabu vidole na wanaume wenye mbao mabegani wakauitikia. Kabla giza halijaingia lori lilikuwa tupu. Dereva naye alibeba mbao mbili, kwa haya.

Nilimsindikiza Mama mpaka nyumba yake, isiyo na mlango bado. Aliingia akasimama katikati ya chumba akageuka polepole. Juu yake mvua inapiga zege langu, na kichwani hakudondokewa hata tone moja.

"Pamekauka," alisema.

"Pamekauka, Mama."

Kisha aliuliza kitanda akiweke upande gani, mlango ukifunguka usikigonge.

Jumanne, 20 Juni

Kenchi zimesimama. Jengo sasa lina mbavu.

Jumamosi, 24 Juni

Upepo jana uling'oa mabati ya safu mbili. Tumeyarudisha. Kasi ametukana upepo kwa majina ambayo sikujua anayajua.

Jumatano, 28 Juni

Bati la mwisho. Kasi alinipa nyundo. Nikamrudishia. Akanipa tena. "Bwana, wewe ndiye mwalimu wangu," alisema, na hakuwa anatania. Nikapigilia msumari wa kwanza na yeye wa pili, na huko chini watu wakapiga vigelegele hadi mbwa wa mtaani wakakimbia. Nimekaa juu ya paa nikaona mtaa mzima. Nimeona hata kile chumba cha nyuma ya maduka, kidogo na cheusi kwa unyevu.

Alhamisi, 29 Juni

Mkaguzi alipanda juu ya paa, akashuka, akapima kuta, akachokonoa. Kisha akaomba toroli na ndoo iliyojaa maji hadi ukingoni.

Basi hiyo ndiyo namna yake. Akaweka ndoo ndani ya toroli, akalishika mwenyewe, na kuanza kulisukuma kutoka bawa la kushoto kwenda la kulia, kupita kwenye ukumbi wa ngazi. Mafundi wote walijipanga ukutani. Gurudumu lilikuwa linalia kidogo. Mimi nilimshika Kasi mkono, au yeye alinishika, sina hakika. Toroli likaingia kwenye mteremko, likauteremka, likatoka upande wa pili, na Mkaguzi akasimama akainamia ndoo.

Maji yalitikisika yakatulia. Sakafu nyuma yake ilikuwa kavu.

"Mteremko wenyewe uko wapi?" aliuliza, na ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza meno ya yule msichana.

Kilichofuata ni fujo tupu. Kasi aliinua ndoo akajimwagia maji yote kichwani. Msimamizi, yule aliyetaka kuvunja, alikuwa anamkumbatia kila mtu. Mimi nilimkumbatia Mkaguzi hadi nikampaka saruji kifua kizima. Nikamwambia niliwahi kumchukia. "Najua," alisema, "nilikuwa naona." Hela ya kumalizia imepitishwa: milango, plasta, maji, umeme, nyumba za chini kwanza.

Siku moja kabla mwaka wa fedha haujafungwa! Leo ninaandika nikicheka peke yangu.

Jumatano, 12 Julai

Plasta nyumbani kwa Mama. Sikumruhusu fundi mwingine aguse. Imekuwa laini kiasi kwamba nimemfokea Kasi kwa kuegemea.

Jumamosi, 29 Julai

Mama amehama leo. Kitanda, masufuria, masanduku mawili, saa ya ukutani iliyokaa sandukuni tangu nikiwa mdogo. Kasi amebeba godoro kichwani na mdogo wangu amebeba kila kilichobaki akilalamika. Walipokwenda kuleta vyombo vya mwisho tukabaki wawili, Mama na mimi.

Ufunguo alikuwa ameukaza mkononi. Alifunga mlango kwa ndani, akaufungua, akaufunga tena. Halafu akaniambia: "Nipe nyundo yako. Na msumari."

"Wa nini, Mama?"

Alikwenda kwenye ukuta mkubwa, ule plasta yake niliisugua siku nzima kama uso wa bibi harusi, akaupapasa kwa kiganja.

"Tangu nilipoolewa hadi leo nimekaa nyumba za watu," alisema. "Kila nilipohamia, mwenye nyumba alikuwa na neno moja la kunikaribishia. Usipige msumari ukutani kwangu."

Nyundo ilikuwa kiunoni mwangu. Nikampa. Msumari nilimchagulia mrefu, ulionyooka. Alikuwa hafiki pale alipopataka, basi nikamletea kiti akapanda, nikamshika kiuno kwa mikono miwili.

Akapiga. Kipande cha plasta yangu kikaruka kikanigonga paji la uso, ufa ukakimbia hadi karibu na dirisha, na Mama hakuuona, au aliuona.

"Piga, Mama," nikamwambia. "Piga tena."